Mtoto Naye Atoe Bonane

Tumefika tena katika zile siku ambazo watoto wanazihesabu kwa vidole. Mitihani ya trimesta ya kwanza inakwisha, buletini zinangojewa, na nyumbani maswali ni yale yale ya kila mwaka. Noeli tutakula nini? Nani atanunuliwa viatu? Bonane tutavaa nini? Hapa Bukavu, toka Bagira mpaka Kadutu na Ibanda, hakuna mama asiyeyajua maswali hayo, na hakuna asiyeujua uzito wake.

Juma hili hatutaandika juu ya bei za soko, maana kila mmoja wetu anazisikia mwenyewe akifika Nyawera na kikapu chake. Tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho watoto wanajifunza katika sikukuu hizi, tutake tusitake.

Neno Bonane tulilipata kutoka Kifaransa, tukalifanya letu. Kwetu ni siku, ni salamu, tena ni zawadi. Asubuhi ya tarehe 1 Januari watoto wanatoka wamepakwa mafuta, wanapita nyumba kwa nyumba, wanasema "Bonane!" kisha wanasimama wakingoja. Mama mwenye nyumba anajua wanangoja nini. Anatoa mandazi, au bombo, au franka mia tano kwa kundi zima. Ni desturi nzuri. Inamwambia mtoto kwamba nyumba ya jirani si ya watu wa mbali, na kwamba kuna mlango mwingine ambao anaweza kuubisha.

Lakini tuangalie mkono wa mtoto huyo. Toka mkesha wa Noeli mpaka shule zifunguliwe, mkono wake umefunguka kwa kupokea tu. Anapokea nguo, anapokea nyama, anapokea pesa. Ni mara chache mtu mzima anamuuliza, "Na wewe, Bonane yako kwa watu ni nini?"

Sisi walimu tunaona matunda ya jambo hilo mwezi wa kwanza. Watoto wakirudi baada ya sikukuu ya Mashahidi wa Uhuru, tarehe 4 Januari, mazungumzo ya uwanjani ni juu ya nguo na vyakula. "Wewe ulivaa nini Bonane?" "Kwenu mlichinja kuku?" "Mlikunywa fanta ngapi?" Wenye jibu wanasema kwa sauti. Wasio na jibu wananyamaza, au wanatunga uongo, na wengine wanakawia kurudi siku mbili tatu ili maswali yaishe kwanza. Mwalimu akiandika ubaoni redaksio ya kueleza namna kila mtoto alivyofurahi siku ya Noeli, ataona biki ngapi zimesimama juu ya karatasi. Watoto wanaouliza si wabaya. Wamejifunza kwamba sikukuu ni kile ulichopata, na hawajajifunza kumtazama mwenzao anaponyamaza.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba jambo moja katika nyumba zetu: kila mtoto anayepokea Bonane, naye atoe Bonane. Haihitaji pesa nyingi, na mara nyingine haihitaji pesa hata kidogo.

Mbegu ipo tayari

Kuna mama wanaosema kwamba mtoto ni mchoyo tangu kuzaliwa, na ukarimu lazima uingizwe kwa fimbo. Kweli, mtoto wa miaka miwili anakumbatia mkate wake na kulia ukiugusa. Lakini huyo huyo, akikuona umeangusha mwiko, anauokota na kukuletea huku anacheka.

Jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2006 wataalamu wawili waliofanya kazi Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa miezi 18. Mbele ya mtoto, mtu mzima aliangusha kitu na kushindwa kukifikia, au alitaka kufungua kabati huku mikono yake imejaa. Wengi wa watoto wale walikwenda kumsaidia. Hawakuombwa, wala hawakuahidiwa kitu.

Mwaka 2008 walitoa uchunguzi mwingine, wa watoto wa miezi 20. Safari hii watoto fulani walipewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia. Wengine walisifiwa kwa maneno, na wengine hawakupewa chochote. Baadaye, wale waliolipwa walisaidia kidogo kuliko wenzao. Hapo kuna fundisho kwetu. Tunapomwambia mtoto, "Mgawie mdogo wako, nitakununulia bombo," tunamfundisha biashara. Siku ambayo bombo haipo, na huruma nayo haitakuwepo.

Na mwaka 2012, kule Kanada, Lara Aknin na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao hawajatimiza miaka miwili walionekana wenye furaha zaidi walipotoa biskuti kuliko walipopewa. Tena furaha ilizidi walipotoa kutoka katika bakuli lao wenyewe, kuliko walipotoa biskuti waliyotafutiwa na mtu mzima.

Wazee wetu waliyajua hayo walipotuambia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kazi ya mama ni kuimwagilia mbegu hiyo maji na kuilinda isikanyagwe.

Kasa nyekundu ya nyumbani

Wengi wetu tuko katika MUSO au katika AVEC. Walio katika MUSO wanazijua kasa zao. Kasa ya kijani ni ya akiba na mikopo. Kasa nyekundu ni ya msaada: mwenzetu akiugua, akifiwa, au nyumba yake ikiungua, tunaifungua, na pesa hiyo hairudishwi. Katika AVEC pia kuna mfuko wa msaada unaowekwa mbali na akiba. Ni moja ya kazi nzuri ambazo mama wa Kivu wanazifanya kila juma, bila kelele.

Lakini watoto wetu wanajua nini juu ya kasa hiyo? Wanamwona mama akijifunga kikwembe na kutoka siku ya mkutano, kisha anarudi jioni. Hawajui kwamba pesa kidogo aliyoitoa pale ilimnunulia mtu dawa. Tuwaeleze. Kisha tuwape kasa nyekundu yao wenyewe hapa nyumbani. Mkebe mtupu wa Guigoz wenye kifuniko unatosha. Tunaupanga kwa majuma manne.

Juma la kwanza ni la kuona. Wakati wa chakula cha jioni tunauliza, "Leo umemwona nani asiye na furaha? Unafikiri alihitaji nini?" Siku hizo hatutoi kitu bado. Tunazoeza macho. Mtakuja kushangaa jinsi watoto wanavyoona. Watasema juu ya koko anayepanda mlima na bidoni ya maji akipumzika kila ngazi tatu. Watasema juu ya mwenzao mwenye daftari moja kwa masomo yote, au mtoto wa familia iliyofika usiku ikikimbia vita, ambaye hachezi na mtu.

Juma la pili ni la kuweka. Kila mtu wa nyumba anaweka kitu chake ndani ya mkebe au kando yake. Inaweza kuwa franka mia moja iliyobaki kwake, biki, kalamu za rangi, au kikombe cha maharagi. Inaweza pia kuwa kazi. Mtoto anayejua kuandika anaandika kwenye kipande cha karatasi, "Siku ya posho nitachota bidoni mbili," na anakitia ndani. Asiyejua kuandika anaweka jiwe dogo, na mama anakumbuka jiwe hilo ni ahadi gani. Baba naye aweke, watoto wakimwona.

Juma la tatu ni la kuchagua. Siku ya Mungu, baada ya chakula, mkebe unafunguliwa, vitu vinahesabiwa, na wote wanazungumza: tumpelekee nani? Mama asikate shauri peke yake. Watoto wabishane, kila mmoja atoe sababu. Hapo ndipo wanapojifunza kwamba mahitaji ni mengi kuliko mkebe. Tunashauri mchague mtu mmoja au nyumba moja, ili kile kidogo mlicho nacho kionekane.

Juma la nne ni la kupeleka. Mtoto apeleke kwa mkono wake mwenyewe, akisindikizwa na mkubwa. Akirudi, tusimsifu sana. Inatosha kumuuliza, "Uliona uso wake ulikuwaje?" na kumwacha akumbuke.

Kila umri na nguvu zake

Kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano, mara nyingi ni vigumu kufikiri juu ya watu ambao hajawaona. Msimwambie juu ya maskini wa dunia. Mpeni kazi anayoiona: kupeleka sahani ya sombe kwa jirani huku umemshika mkono, au kumpa mdogo wake kipande kikubwa na kubaki na kidogo.

Wa miaka sita mpaka tisa anapenda haki. Kila kitu anataka kigawanywe sawasawa. Msaidieni aone kwamba mara nyingine haki si kugawa sawasawa. Mwenye daftari tatu na asiye na daftari, ukiwapa kila mmoja moja, bado hawako sawa. Mtoto wa umri huu anaelewa vizuri sana akishika vitu hivyo mkononi.

Wa miaka kumi mpaka kumi na tatu anaweza kusimamia kazi. Mpeni kuandika kasa, kuhesabu, kupanga nani atabeba nini. Vijana wakubwa wanaweza kutoa ujuzi wao: kumfundisha mtoto wa jirani hesabu za kugawanya wakati wa vakansi, au kutengeneza paa la mama mzee mahali linapovuja. Kwa kijana, msaada unaotoka katika akili na mikono yake unampa heshima ambayo pesa ya kuombwa kwa baba haimpi.

Sehemu nzuri, iliyotengwa mapema

Mtoto anajifunza mengi kwa kutazama tunatoa nini. Tukichagua katika sanduku nguo zilizopasuka na kusema, "Hizi tuwape wale," tumemfundisha kwamba "wale" ni watu wa vitu vilivyopasuka. Kipimo ni rahisi: kitu ambacho ungeona haya kupewa, usimpe mtu. Shati likiwa bado zuri, mlifue pamoja, mshone kifungo, mlipige pasi. Nusu saa hiyo ya kushona kifungo ni somo tosha.

Jirani zetu Waislamu wana desturi inayofaa kukumbukwa hapa. Katika Idi ya kuchinja, nyama inagawanywa, na sehemu moja inatengwa kwa ajili ya maskini. Nasi tukipika Noeli, sahani ya jirani itolewe wakati sufuria bado imejaa, mbele ya macho ya watoto.

Lakini tusimnyang'anye mtoto kitu anachokipenda ili tuonekane wakarimu. Kumchukulia mwanasesere wake kwa nguvu na kumpa mgeni kunamfundisha kuficha vitu wageni wakija. Mtoto achague mwenyewe. Akikataa leo, mwacheni. Akiona wenzake wanaweka katika mkebe, na hasa akiona mama anaweka, mara nyingi kesho atakuja mwenyewe.

Uso wa anayepokea

Hapa ndipo penye hatari kubwa, akina mama. Msaada unaweza kumlisha mtu na kumvunja moyo kwa wakati ule ule. Mtoto aliyeitwa mbele ya watu wote apewe viatu, akapigwa picha ameshika viatu hivyo, atavivaa kwa sababu hana vingine. Lakini kesho darasani wenzake watamwambia, "Viatu hivyo ni vyetu." Tumewahi kuona watoto wakirudi pekupeku kwa sababu ya maneno kama hayo.

Kwa hiyo tuwafundishe watoto wetu sheria tatu. Ya kwanza: tunapeleka bila kuonwa na wengi, jioni au asubuhi mapema, na hatupigi picha. Ya pili: tukirudi hatusimulii. Kile tulichokiona katika nyumba ya mtu kinabaki katika nyumba yake, hata kama ni kitanda kisicho na godoro. Ya tatu: tunaomba ruhusa. "Mama, tulipika mengi leo, tunaweza kuwaletea?" ni tofauti na kusukuma sahani mlangoni.

Tena tumwache anayepokea naye atoe. Koko aliyechotewa maji akitaka kumpa mtoto muhindi wa kuchoma, mtoto aupokee kwa mikono miwili na kusema asante. Tusimfundishe kusema, "Hapana, wewe huna." Mtu anayekatazwa kutoa anaambiwa kwamba yeye ni wa kuhurumiwa tu.

Na nyumba isiyo na kitu?

Tunajua kuna mama watakaosoma mpaka hapa na kusema, "Walimu wanaandika juu ya kutoa, na mimi sijui watoto wangu watakula nini." Wana haki ya kusema hivyo. Mwaka huu kuna nyumba ambazo mshahara haujafika, nyumba zilizopokea ndugu waliokimbia vita, na nyumba ambazo baba hayuko. Hatumwambii mama wa nyumba hiyo atoe chakula cha watoto wake. Mama anayekataa kutoa karo ya mtoto wake ili kununua zawadi za watu si mchoyo. Analinda alichokabidhiwa.

Lakini hatukubali kwamba mtoto wa nyumba hiyo ni wa kupokea tu. Mtoto anayepewa kila siku, na hakuna siku anaombwa kitu, anaanza kuamini kwamba hana kitu ndani yake. Anayo mikono. Anaweza kumbeba mtoto wa jirani mama huyo akienda kisimani. Anaweza kufagia mbele ya nyumba ya mgonjwa. Anaweza kukaa na mwenzake aliyefiwa, bila kusema neno. Na mama wa nyumba yenye chakula akimwambia, "Mwanangu, njoo unisaidie kukatakata sombe, kisha mtakula pamoja na watoto wangu," amempa chakula na heshima kwa mara moja.

Tukumbuke Mei 2021. Tarehe 22 jioni Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji wa Goma iliamriwa kuhama. Watu walikimbilia Sake, Minova na Rwanda, na wengine walipanda mashua wakavuka Ziwa Kivu mpaka hapa Bukavu. Wengi hawakupokelewa katika nyumba kubwa. Walipokelewa na familia za kawaida, wakapewa nafasi chini kwenye mkeka. Watoto wa nyumba hizo waliona bugali wa watu sita ukigawanywa kwa watu kumi na wawili. Hakuna aliyewapa hotuba juu ya ukarimu, lakini somo lile wengi wao wanalo mpaka leo.

Maneno tunayotumia

Tusiseme, "Ona, mwenzako hana hata viatu, wewe unalia nini?" Maneno hayo yanamfanya mwenzake awe fimbo ya kumpigia. Tuseme, "Unafikiri yeye anasikiaje miguu yake asubuhi kwenye baridi?" Hapo mtoto anaingia katika miguu ya mwenzake.

Tusiseme, "Wewe ni mchoyo." Mtoto aliyeitwa hivyo mara nyingi anaamua kuwa hivyo. Tuseme, "Leo hukuwa tayari. Kesho utajaribu tena."

Tusiseme, "Mpe, watu wanatutazama." Tuseme, "Amekaa peke yake toka tufike. Tufanye nini?"

Na mtoto akimcheka mwenye nguo iliyochakaa, tusimchape tu na kuachia hapo. Tumkalishe chini tumweleze neno lake lilifanya nini ndani ya yule mwingine, kisha tumuulize atalitengenezaje. Fimbo inamfundisha kuogopa kusikiwa. Maelezo yanamfundisha kufikiri kabla ya kusema.

Huruma pamoja na akili

Siku za sikukuu kuna watu wengi barabarani, na wengine wamekunywa. Mtoto mwenye moyo mwema anaweza kudanganywa kwa sababu ya wema wake. Tumwambie wazi kwamba kuwa na huruma si kumtii kila mtu mkubwa. Mkubwa wa kweli akihitaji msaada anauomba kwa mkubwa mwenzake. Akimwambia mtoto, "Njoo peke yako unisaidie ndani," au "Nitakupa Bonane lakini usimwambie mama," mtoto akatae, akimbie, aje aseme. Hatapigwa kwa kusema.

Watoto watembee kwa kundi siku ya Bonane, wakubwa wakiwa na wadogo, katika avenyu tunazozijua, na jua likizama wawe wamerudi. Na wajue pia kwamba wana haki ya kusema "hapana" kwa mwenzao anayewanyang'anya kila siku. Kutoa kwa hofu si ukarimu.

Kikundi kinaweza kufanya nini

Vikundi vingi vinagawana akiba yao mwezi wa kumi na mbili. Ni siku ya furaha, na kila mama ana mipango yake. Tunapendekeza mambo matatu kabla ya kugawana.

Kwanza, kikundi kijiulize ni nyumba gani katika avenyu yetu zimefiwa mwaka huu. Noeli ya kwanza bila baba au bila mama ni ndefu sana. Mama wawili waende huko na watoto wao, wakae kidogo, wale pamoja. Nyumba yenye msiba inahitaji watu kama inavyohitaji mchele.

Pili, msaada wa kikundi kwa watoto usiishie kwenye bombo za Noeli. Fikirieni mwezi wa kwanza. Daftari mbili, biki, shati jeupe na sketi ya buluu iliyoshonwa vizuri vinamrudisha mtoto darasani. Kila mtoto wa kikundi akiweka daftari moja katika kasa nyekundu ya watoto, tayari ni kazi kubwa. Mwulizeni mwalimu kwa siri ni nani anayehitaji. Walimu wanajua, na wanajua kunyamaza.

Tatu, siku moja ya vakansi, waiteni watoto wa wanakikundi wote wafanye kazi ya mikono kwa ajili ya jirani: kuzibua mfereji kabla mvua haijashusha udongo, au kufagia mbele ya kituo cha afya kwa ruhusa ya wahusika. Wale mkate wa pamoja baadaye. Watoto waliofanya kazi pamoja hawaulizani sana nguo zao zimetoka wapi.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano

Katika nyumba yangu, watoto wananiona nikitoa lini, na wananiona nikitoa nini?

Ni mtoto gani katika avenyu yetu ambaye anapokea kila mara, na hakuna siku ameombwa kutoa? Tunaweza kumwomba nini?

Mama ambaye mwaka huu hana kitu, tutakaaje naye siku ya Bonane bila kumtia haya?

Shule zikifunguliwa, jaribuni swali moja nyumbani. Kabla ya kumuuliza mtoto wenzake walivaa nini, mwulizeni ni nani alikuwa peke yake uwanjani, na yeye alifanya nini. Na ule mkebe wa Guigoz, msiutupe sikukuu zikiisha. Uoshwe, urudishwe mahali pake, maana Februari nayo ina watu wake.

Tunawatakia ninyi nyote, na baba za watoto, na wageni mliowapokea, Noeli njema na Bonane yenye amani.